Njia Moja ya Taa Mbili

Umeme ulifika kwetu Kinondoni kwa ajili ya Wazungu wa Msasani. Nguzo zilifuata barabara kwenda kwenye nyumba zao zenye bustani na mbwa, na sie tuliokaa njiani tukawa tunazitazama nyaya zikipita juu ya mabati yetu, kama mtu anayesikia harufu ya pilau la jirani. Mume wangu alikuwa karani katika ghala moja bandarini. Alikwenda ofisi ya umeme, akarudi, akaenda tena, mpaka wakakubali kuvuta waya hadi nyumba ya mama yake, ambamo sie tulikuwa tumepewa chumba kimoja tangu tulipooana.

Watu wa umeme walifunga taa moja tu, chumbani kwa mama mkwe, kwa kuwa yeye ndiye mwenye nyumba. Chumba chake kilikuwa upande mmoja wa ukumbi, chetu upande wa pili, mlango kuelekea mlango. Jioni ile ya kwanza majirani walijaa. Mama mkwe alisimama ukutani, kidole kwenye swichi, akiwasha na kuzima, na kila akiwasha watu walicheka kwa mshangao. Taa ilikuwa nyeupe kiasi kwamba hata chungu akipita ukutani ulimwona. Mimi nilisimama nyuma ya wageni na kitoto changu mgongoni, nikiwaza jambo moja tu: cherehani langu.

Nilikuwa mshonaji. Mchana kulikuwa na kupika, kufua, kuchota maji na mtoto, kwa hiyo kazi ya watu niliifanya baada ya Magharibi, kwa kandili. Ukishonea kandili unashona kwa kubahatisha. Nikamwomba mume wangu na sisi tupate taa. Yeye akamwambia mama yake, na mama yake akajibu palepale, "Watu wa nje wa nini tena, na mtoto wa kaka yangu ni fundi?"

Huyo mtoto wa kaka yake alikuwa kijana mwenye maneno matamu. Aliwahi kufanya kazi kwa kontrakta mmoja wa Kihindi, akimbebea ngazi, na alipoondoka aliondoka na koleo mfukoni na jina la fundi. Alikuja alasiri moja nikiwa uani natwanga. Alikata waya mmoja uliokwenda kwenye taa ya shangazi yake, akauvusha ukumbini juu ya milango hadi chumbani kwetu, akafunga pale swichi na globu, kisha akaurudisha ule waya na kuuunga pale alipoukata.

"Mwingine angekula waya mzima," alijisifu akifuta mikono. "Mie sikupoteza hata kipande."

Nilimshukuru sana. Nilimpikia chai na maandazi.

Jioni tuliwasha. Globu yetu ilitoa mwanga mwekundu uliofifia, mfano wa kaa lililobaki jikoni baada ya watu kula. Nikadhani ni mbovu. Kabla sijasema neno nikasikia kutoka ng'ambo ya ukumbi, "Jamani! Taa yangu imepatwa na nini?"

Taa ya mama mkwe nayo ilikuwa imefifia vilevile. Ule weupe wote uliowakusanya majirani ulikuwa umekwenda. Fundi alikuwa bado yupo barazani akinywa chai, akaitwa. Alitazama taa ya shangazi, akatazama yetu, akatikisa kichwa kama tabibu.

"Shangazi, umeme ni kama mchuzi," alisema. "Walaji wakiongezeka, kila mtu anapata kidogo. Zamani ulikuwa unakula peke yako."

Maneno yale yalimkaa kila mtu. Mume wangu aliitikia. Mama mkwe alinitazama, na tangu jioni ile mie nikawa ndiye niliyekuja kula mchuzi wake.

Halafu ikaja habari ya swichi. Usiku uleule mtoto alisinzia, nami nikazima taa yetu nimlaze. Sauti ikatoka ng'ambo: "Nani kazima taa yangu? Niko kwenye swala!" Nikawasha haraka. Taa yake ikarudi. Nikakaa kitandani nikiitazama ile globu, sielewi. Baadaye kidogo yeye alimaliza swala zake, akazima yake alale, na yetu ikazimika pamoja nayo, nami sijatia hata uzi kwenye sindano. Nikaenda kubonyeza swichi yetu juu, chini, juu, chini. Hakuna kitu.

Ndivyo tulivyoishi. Ili mmoja wetu apate mwanga, sharti wote wawili tuwe tumewasha. Ili mmoja apate giza, mwingine naye aingie gizani. Mama mkwe alikuwa mtu wa kulala mapema, akishaswali Isha amekwisha. Nilimwomba aache yake ikiwaka kidogo mie nimalize kazi. Aliniachia siku moja. Siku ya pili alisema mwanga unamuuma macho. Ya tatu nilisikia swichi yake ikilia *ta!* nikiwa katikati ya mshono, na cherehani likaendelea kukimbia gizani kabla sijalizuia kwa mkono.

"Washa kandili," mume wangu alisema kutoka kitandani.

Nikawasha kandili. Nilikaa chini ya globu ya umeme, katika nyumba ambayo majirani walikuja kuitazama, nikashonea mafuta ya taa.

Wakati huo nilikuwa na gauni la harusi. Binti wa nyumba ya tatu kutoka kwetu alikuwa anaolewa na mwalimu, na alitaka gauni jeupe la mikono mirefu. Mama yake aliniletea kitambaa kizuri mno, laini, nikaona aibu hata kukishika na mikono yenye harufu ya kitunguu. Nilikikata mchana, nikaanza kukishona jioni chini ya ile taa nyekundu, mama mkwe aliponijalia. Kando ya cherehani palikuwa na rili ya uzi mweupe na rili ya uzi wa waridi mpauko niliyoitumia kwenye kanzu ya mtoto wa mtu. Katika mwanga ule rangi hizo mbili zilikuwa rangi moja. Niliweka uzi, nikashona ubavu mmoja na mkono wake, nikapiga pasi asubuhi haraka haraka bila kulikunjua lote, kwa kuwa mama yake bibi harusi alikuwa ameshabisha hodi.

Alilitandaza mikononi mwake uani, juani. Mshono wa waridi ulikuwa umeshuka kutoka kwapani hadi kiunoni kama kovu.

"Hii nini?" aliuliza, si kwa hasira, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. "Mwanangu, huoni?"

"Naona, mama," nikamwambia. "Ni taa."

Alitazama juu, akauona ule waya ukiingia ndani ya nyumba. "Si mna umeme nyie?"

Nililifumua lile gauni mchana kutwa, uzi kwa uzi, nikiwa nimekaa mlangoni juani, na nikalimalizia vivyo hivyo mchana, mtoto akilia na wali ukiungua. Harusi ikapita salama. Lakini maneno yale, "Si mna umeme nyie," yalikaa nami.

Mume wangu hakuwa mtu mbaya. Aliponiona nimenuna siku nyingi alifikiri, na siku moja akarudi kutoka kazini na globu kubwa, kubwa kuliko zote zilizokuwamo dukani, imefungwa kwenye karatasi yenye mikunjo. "Hii itakutosha," alisema kwa furaha. Alipanda juu ya kiti, akatoa ile ndogo, akaweka ile kubwa. Tukamwomba mama awashe kwake. Nami nikabonyeza swichi yetu.

Ndani ya ile globu kubwa paliwaka uzi mmoja mwekundu, mwembamba, hautoi mwanga hata wa kuonea kiganja. Na kutoka ng'ambo mama mkwe akapiga kigelegele.

Taa yake ilikuwa imeng'aa. Haikufikia ule weupe wa siku ya kwanza, lakini ilikuwa taa. "Sasa hii ndiyo taa!" alisema. "Mwanangu, umefanya la maana."

Mume wangu alisimama katikati ya ukumbi akigeuza kichwa huku na huku, mlango hadi mlango. "Hii globu ni mbovu," alisema. Akazibadilisha: ile kubwa kwa mama, ile ndogo kwetu. Chumba chetu kikang'aa, nikaona hata vumbi juu ya kabati, na mama akapiga kelele kwamba amekuwa kipofu. Ile kubwa ikatolewa, zile ndogo mbili zikarudishwa kama mwanzo. Mama alifunga mlango wake.

Usingizi ulinipotea. Kama umeme ni mchuzi, niliwaza, vipi mwenye bakuli kubwa ndiye anayelala njaa? Yule fundi alikuwa ametudanganya, au alikuwa anajidanganya mwenyewe. Nilisoma shule ya misheni ya wasichana, bara, kabla baba yangu hajahamia pwani. Umeme hatukufundishwa, tulifundishwa kufuma na hesabu. Lakini nilijua kwamba jambo likijirudia vilevile kila mara lina sababu yake, na sababu inaweza kutafutwa.

Alasiri moja mume wangu akiwa kazini, nilichukua tochi yake nikaifungua mkekani uani. Nilikuta betri mbili, globu moja ndogo kama punje ya hindi, na nyingine ya akiba, imefichwa kwenye kifuniko cha nyuma. Vipande vya waya walivyoviacha watu wa umeme nilikuwa navyo. Nilifunga zile betri mbili pamoja kwa kipande cha kanga kuukuu, kichwa cha moja kwenye tako la nyingine. Nilijaribu waya mmoja kutoka kwenye betri hadi kwenye globu. Hakuna. Nikajaribu upande mwingine. Hakuna. Mpaka nilipotia waya wa pili, wa kurudi, kutoka kwenye globu hadi tako la betri, ndipo ile punje ya hindi ikawaka. Nikauondoa, ikazimika. Nikaurudisha, ikawaka. Kumbe umeme hautoki tu kwenda; lazima uwe na njia ya kurudi nyumbani. Na swichi si kitu cha ajabu, ni pale njia inapokatwa na kuungwa.

Nilikosa mikono ya kushika globu mbili. Mama mkwe alikuwa anapeta mchele karibu yangu, ananitazama kwa pembe ya jicho.

"Mama, nishikie hapa," nikamwambia.

"Hautanirusha?"

"Huu wa tochi hauumi."

Aliweka ungo chini, akashika kwa ncha za vidole kama mtu anayeshika kaa wa baharini. Nikaziunga zile globu mbili kama alivyoziunga mtoto wa kaka yake: waya unaingia ya kwanza, unatoka, unaingia ya pili, ndipo unarudi kwenye betri. Zikawaka zote mbili, nyekundu, hafifu. "Hizi ndizo taa zetu, mama. Hii yako, hii yangu. Sasa inua kidole." Akainua. Zote zikazimika. Akaweka. Zikawaka. Nikainua changu. Zote zikazimika.

Akainama, akazitazama zile globu kwa karibu.

"Njia ni moja," nikasema. "Umeme ukitaka kufika kwangu lazima upite ndani ya globu yako, na ndani ya globu mna uzi mwembamba unaoubana. Ukishabanwa kwako, unakuja kubanwa tena kwangu. Na wewe ukifunga mlango, kwangu haupiti." Kisha nikazifungua, nikaipa kila globu waya wake wa kwenda na wake wa kurudi, zote kwenye betri zilezile. Ziling'aa mbili kama macho ya paka. "Inua chako." Yake ikazimika. Yangu ikabaki inawaka.

"Rudia," alisema.

Nikarudia. Aliinua kidole, akaweka, akainua. Mchele ulikuwa unaliwa na kuku na hakuwafukuza.

"Kwa hiyo hukula taa yangu," alisema mwishowe.

"Sikuila, mama. Wala wewe hukula yangu."

"Na mie nikadhani unanikomoa, unanizimia ninaposwali." Akacheka kidogo, akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Tangu niolewe hatukuwahi kukaa karibu namna ile.

Nilidhani mambo yamekwisha. Mume wangu aliporudi nilimwonyesha naye. Alitazama mpaka mwisho, akasema, "Hiyo ni tochi. Umeme wa nyumba ni kitu kingine, si mchezo wa betri." Kisha akauliza nani kamruhusu nani kufungua tochi yake.

Fundi aliitwa. Alikuja Ijumaa baada ya swala, kanzu imepigwa pasi. Mama mkwe alimweleza kwa upole kwamba kila taa ipewe njia yake. Akauliza maneno hayo ameyapata wapi, naye akanitaja mimi. Uso wa fundi ukabadilika.

"Shemeji," aliniambia akitabasamu, "wewe cherehani unalijua. Nyaya niachie mie."

"Basi zitengeneze," nikasema. "Nikuonyeshe, nina tochi hapa."

"Sijaja kuonyeshwa." Alikunywa chai yake yote, akaaga, akaondoka bila kugusa hata msumari.

Nikasema tumwite fundi mwingine, Mhindi wa mjini au yeyote. Mama mkwe alishtuka. "Mtoto wa kaka yangu yupo hai, nami nimwite mtu baki aje kuifumua kazi yake? Kaka yangu nitamtazama vipi?" Mume wangu akasema mama kasema kweli. Sababu ilikuwa inajulikana, dawa ilikuwa inajulikana, mgonjwa mwenyewe alikuwa amekubali kwamba anaumwa, na bado tulikaa kwenye ule wekundu kwa kuchelea kumvunjia mtu heshima. Mpaka leo nikikumbuka, hiyo ndiyo inayonipandisha hasira zaidi. Ujinga unaweza kuufundisha. Udugu unaufundisha nini?

Mwishowe globu ya mama mkwe iliungua yenyewe. Uzi wa ndani ulikatika, na nyumba nzima ikawa giza, yangu ikiwa nzima kabisa. Alikuja hadi mlangoni kwangu na kandili mkononi. "Umekatika kwangu," alisema, "na wewe huna njia." Ilikuwa kama anazungumza habari ya tochi na habari nyingine pia. Asubuhi alijifunga ushungi akaenda mwenyewe kwa kaka yake. Alichokisema huko sikukisikia, lakini fundi alikuja.

Alikuja siku ambayo mie nilikuwa nimekwenda mjini, Mtaa wa Wahindi, kutafuta vifungo. Niliporudi jioni niliona mwanga ukitoka kwenye dirisha letu tangu nikiwa njiani. Mweupe! Nilikimbia na mtoto mgongoni. Chumba kizima kilikuwa kinawaka, na cha mama vilevile, kila kimoja kwa nguvu yake, na mama amesimama ukumbini ananingoja nifurahi. Nilifurahi. Nilimshika mikono. Kisha, kwa mazoea, nikapeleka mkono ukutani niizime na kuiwasha, niione inavyonitii.

Ukuta ulikuwa mtupu. Palipokuwa na swichi yangu palikuwa na chokaa mbichi.

"Iko kwangu," mama mkwe alisema. "Kaziweka zote pamoja, kando kwa kando. Kasema ndivyo zinavyokaa kwenye nyumba za Wazungu."

Niliingia chumbani kwake nikaziona, mbili, kama vifungo vya koti. Nilitaka kulia. Waya ulikuwa umeshafika ukutani kwangu, ulikuwapo pale siku zote. Swichi inaweza kukaa popote kwenye njia yake. Hakukuwa na haja ya kuing'oa. Aliing'oa kwa kuwa nilimwambia nimwonyeshe. Mlango wangu aliuziba, ufunguo akampa jirani.

Nilimweleza mume wangu. "Taa inawaka?" aliuliza.

"Inawaka."

"Basi unataka nini tena?"

Ikawa kila jioni nasimama ukumbini, nasema, "Mama, naomba taa," kama anayeomba chumvi. Hakuninyima hata siku moja, na hilo lilinifunga mdomo. Mara nyingine alipitiwa na usingizi nikaona vibaya kumgongea, nikarudi kwenye kandili. Mara nyingine alinizimia kabla sijamaliza, akasema kupitia ukutani, "Inatosha mwanangu, lala, utayaua macho." Alikuwa ananihurumia. Nami nikawa nakaa gizani, sindano mkononi, natafuta la kumjibu mtu anayenihurumia.

Kisha akapata msiba Bagamoyo. Taarifa ilikuja adhuhuri, akafunga kifurushi chake cha nguo, akafunga chumba chake kwa kufuli kama ilivyokuwa desturi yake, akapanda lori. Ufunguo ulikuwa umefungwa kwenye upindo wa kanga yake. Jua lilipozama ndipo nilipogundua kwamba taa yangu ilikuwa inawaka. Alikuwa ameniwashia kabla hajatoka, nisikose.

Niliishonea kwa raha jioni ile, mpaka mgongo ukauma. Kisha tukataka kulala. Mume wangu alijifunika shuka usoni. Mtoto akakaa kitako, akafurahi, akaanza kucheza. Mlango wa mama ulikuwa na kufuli la shaba na mume wangu hakuthubutu hata kuligusa. Nikapanda juu ya kiti, nikaizungushia globu upindo wa kanga, nikaisukuma juu kidogo na kuizungusha kama nilivyomwona mume wangu akifanya. Kitambaa kilikuwa chepesi. Ilinichoma vidole vitatu kabla haijatoka.

"Ulitaka mwanga," alisema mume wangu kutoka chini ya shuka, "umepata mwanga."

Siku zote ambazo mama mkwe alikuwa matangani niliitia globu jioni na kuitoa wakati wa kulala, nikisubiri ipoe kidogo, na nyuma ya ule mlango uliofungwa swichi yangu ilikuwa imekaa imewashwa, mchana na usiku.

Mama mkwe alirudi amechoka, macho yamevimba kwa kulia. Nilimpa pole, nikampelekea maji ya kuoga, nikamwekea uji. Alipokwisha kunywa alinitazama.

"Taa ilikufaa?" aliuliza. "Nilikuwa Bagamoyo nawaza, nimemwashia au sikumwashia?"

"Uliniwashia, mama," nikasema, vidole nimevificha ndani ya kanga. "Ilinifaa sana."